Tulivyopiga Debian kompyuta 19 za maabara ya shule kwa faili moja la maandishi

Desemba iliyopita, shule zikiwa zimefunga, niliitwa kwenye sekondari moja ya kata huku Kilosa, Morogoro, wana maabara ya kompyuta yenye mashine 19 na kati ya hizo zilizokuwa zinawaka mpaka mwisho zilikuwa 6. Mwalimu wa ICS, yaani somo la kompyuta, ambaye wote pale shuleni wanamwita Madam tu na mimi nitamwita hivyo hivyo, alikuwa anafundisha watoto 50 kwenye mashine 6 na wakati mwingine anachora kibodi ubaoni. Nimeona nikiandike kisa chote kwa urefu maana kila wiki nakutana na fundi anayepiga window mashine moja moja kwa flashi, anamaliza siku nne, halafu baada ya miezi mitatu anaitwa tena kuanza upya, na mimi mwenyewe nimefanya hivyo miaka mingi.

Hali niliyoikuta. Mashine 11 ni Dell OptiPlex 780, zile za Core 2 Duo, RAM GB 2, diski ya GB 250. Nyingine 8 ni HP ProDesk 400 G1, prosesa za Intel kizazi cha nne, RAM GB 4, diski GB 500. Zote ni za mtumba zilizotoka Ulaya, na hilo lina maana yake maana kibodi 3 zilikuwa za Kijerumani, Y na Z zimebadilishana nafasi. Zilikuwa na Windows 7 na Windows 10 zisizo na leseni, Office iliyovunjwa, na kila flashi iliyochomekwa pale ilitoka na virusi vya shortcut, mafaili ya mtu yanapotea anabaki na vialama vya njia ya mkato. Walimu walikuwa wameshaacha kabisa kuchomeka flashi za mitihani kwenye maabara, wanatembea mpaka steshenari barabarani.

Mkuu wa shule alichotaka ni kitu kimoja. Nilipomsalimia shikamoo aliitikia akaniambia hapo hapo, "Fundi, niwekee Windows mpya tu watoto wasome." Ilibidi nikae naye chini nimweleze taratibu. Windows 7 Microsoft waliacha kuihudumia Januari 14, 2020, na Windows 10 imefika mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025, miezi miwili tu kabla sijafika pale. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM GB 4 kwenda juu na prosesa za kuanzia kizazi cha nane kwa upande wa Intel, kwa hiyo hata zile HP nzuri zaidi haziingii kihalali. Kuna watu wanailazimisha iingie kwa ujanja, mi siwezi kuikabidhi shule ya serikali kitu ambacho kesho kikigoma hamna pa kuuliza. Kununua mashine mpya 19 hela hamna. Nikamwambia ipo Debian, mfumo wa bure wa familia ya Linux unaokaa badala ya Windows. Akanyamaza kidogo akauliza, "Sasa hiyo nyingine, Word ipo?" Hilo swali ndo lilikuwa swali la kweli la kisa hiki kizima, na nitalirudia.

Kabla sijagusa mashine yoyote nilikaa na Madam, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa taaluma, nikawaomba wasinitajie programu, wanieleze tu wakikaa kwenye kompyuta huwa wanafanya nini tangu wanawasha mpaka wanazima. Hii ni hatua ambayo mafundi wengi tunairuka. Mtu akikwambia anataka Word hujajua kitu, akikwambia "natunga mtihani kurasa nne, naupeleka steshenari kwa flashi, unatolewa kopi 160" hapo umejua kila kitu, unajua fonti, unajua ukubwa wa karatasi, unajua faili lazima liwe docx, unajua flashi lazima irudi salama. Mwalimu wa taaluma anajaza alama kwenye jedwali na kupanga nafasi. Madam anafundisha kuchapa kwa vidole kumi, jedwali, mawasilisho na kidato cha tatu anagusia programu kidogo, na anatamani watoto wasome vitu vya intaneti ila bando la shule halitoshi hata kwa ofisi. Aliandika yote kwenye daftari la kaunta, kurasa mbili, na zile kurasa mbili ndo zikageuka kuwa orodha ya programu za kuwekwa: LibreOffice, Firefox, VLC, Klavaro ya kujifunza kuchapa, Thonny ya Python, Kiwix ya kusoma Wikipedia bila intaneti, basi. Sikuongeza ninachokipenda mimi, na nilikuwa na vingi.

Mfumo nilichagua Debian 13, ile waliyoipa jina trixie iliyotoka Agosti 2025, na meza (desktop) ya Xfce kwa sababu ni nyepesi. Ubuntu na Mint, ambazo nazo ni Linux, ni nzuri tu, ila Debian naijua zaidi na hudumu miaka bila kubadilikabadilika, na kwa shule hilo ni kubwa. Tahadhari moja kwa wenye mashine za zamani zaidi: Debian 13 haina tena kiinstoli, ile programu ya kuupakia mfumo, cha mashine za biti 32. Core 2 Duo ni biti 64 kwa hiyo tulipona.

Sasa jaribio la kwanza, ambalo lilishindwa. Nilifanya kama nilivyozoea, nikaiandaa HP moja vizuri, programu zote, picha ya ukutani yenye nembo ya shule, halafu nikapiga picha ya diski nzima kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski, niimwage kwenye nyingine 18. HP zingine zilikubali. Nikahamia Dell, ya kwanza ikagoma, Clonezilla inasema diski inayopokea ni ndogo kuliko ya chanzo. Diski ya chanzo ilikuwa na GB 11 tu zilizotumika lakini yenyewe inaangalia ukubwa wa vizigeu, yaani vyumba vya diski, GB 500 haimwagwi kwenye GB 250. Sawa, nikapunguza kizigeu, nikapiga picha upya, ikaingia, Dell ikawashwa na hamna kitu, skrini nyeusi, maana HP niliinstoli kwa UEFI, namna mpya ya kuwasha mashine, na hizi Dell zinatumia BIOS, ile ya kizamani, hazijui hata pa kuangalia. Na hata zile HP zilizokubali zote zilikuwa na jina moja na funguo moja za SSH, njia ya kuingia mashine kwa mbali, ukitaka kuingia hujui umeingia ipi. Siku nzima imeisha.

Jioni ile nimekaa kwenye veranda ya nyumba ya mwalimu nikaona shida haiko kwenye diski wala kwenye BIOS. Nilikuwa nabeba chakula kilichopikwa kutoka sufuria moja kwenda sufuria nyingine za maumbo tofauti. Nilichotakiwa kubeba ni maelekezo ya mapishi, kila sufuria ijipikie yenyewe.

Debian ina kitu kinaitwa preseed, ni faili la maandishi matupu lenye majibu ya maswali yote ambayo kiinstoli huwa kinauliza. Lugha gani, kibodi gani, saa za wapi, diski igawanywe vipi, programu zipi. Kiinstoli kikilipata hakikuulizi, kinajaza chenyewe na kila mashine inajigawa kulingana na diski yake na BIOS yake. Sio Debian peke yake, Fedora na Red Hat wana Kickstart, Ubuntu siku hizi wana autoinstall, hata Windows ina faili lake la XML, wazo ni lile lile. Faili langu lilikuwa na mistari kama 40, na mistari yenye uzito ilikuwa hii:

d-i debian-installer/locale string en_GB.UTF-8
d-i localechooser/supported-locales multiselect sw_TZ
d-i time/zone string Africa/Dar_es_Salaam
d-i mirror/http/proxy string http://192.168.10.2:3142/
tasksel tasksel/first multiselect standard, xfce-desktop
d-i pkgsel/include string libreoffice hunspell-sw fonts-crosextra-carlito klavaro thonny vlc zram-tools rsync openssh-server

Mwishoni kuna mstari wa late_command unaovuta skripti nyingine ndogo, yaani faili la amri, niliyoiita malizia.sh, ile inafanya mambo ambayo preseed haina swali lake. Faili linakaa kwenye laptopu yangu, nimeifanya seva ya wavuti kwa amri moja tu, sudo python3 -m http.server 80, na pale mashine inapowaka kwa flashi yenye kiinstoli cha Debian unabonyeza Esc unaandika auto url=192.168.10.2/shule.cfg hostname=pc07 halafu unaondoka. Ile hostname ndo inatenganisha majina, kila mashine nikaibandika karatasi yenye namba yake. Kwenye Dell menyu ya kuchagua flashi ni F12, kwenye HP ni F9, na zile za UEFI unabonyeza e kwenye menyu ya GRUB, ile ya kuwashia, unaongeza auto=true priority=critical pamoja na url na hostname zile zile kwenye mstari wa linux.

Bando. Hapa ndo watu wengi wanakata tamaa na Linux, maana ukikaa chini ukahesabu GB zaidi ya moja ya programu mara mashine 19 unaona mshahara wote umeenda. Dawa ni apt-cacher-ng, ni programu ndogo inakaa katikati, mashine ya kwanza ikiomba LibreOffice inashushwa kutoka nje na nakala inabaki kwenye laptopu, ya pili mpaka ya 19 zinaichukua hapo hapo kwa kebo. Mlango wake ni 3142, ndo ile namba uliyoiona kwenye mstari wa proxy. Intaneti ilitoka kwenye simu yangu kwa kebo ya USB kwenda laptopu, laptopu kwenda swichi ya milango 24, mashine zenyewe hazikuwa na njia ya kutoka nje kabisa. Mashine ya kwanza ilichukua saa moja na nusu, pc02 dakika kama 35, baada ya hapo nikawa naziwasha nne nne kwa pamoja.

Asubuhi ya siku ya tatu Dell 5 zikagoma kwa pamoja, zinafika kwenye hatua ya kusoma hazina ya programu zinakataa. Nilihangaika na kebo, nikabadilisha mlango wa swichi, nikamlaumu apt-cacher, mpaka nikabonyeza Alt na F4 kuona kinachoandikwa nyuma, kuna mstari unasema faili la Release halijawa halali bado. Halijawa! Nikaangalia saa ya mashine, inasema ni Januari ya miaka mingi iliyopita. Betri ndogo ya kwenye ubao, ile CR2032 ya duara kama sarafu, imekufa, kila ukizima umeme mashine inasahau tarehe, na Debian ikiona hazina ya programu imesainiwa kwa tarehe ambayo kwake ni ya mbele inakataa kuiamini, na inafanya sawa kabisa. Na kwa kweli Dell zilikuwa zimeniambia tangu mwanzo, kila zikiwaka zinaandika Time-of-day not set na kutaka ubonyeze F1, mi nikawa nabonyeza napita. Kwa kawaida kiinstoli hurekebisha saa kutoka intaneti lakini zangu hazikuwa na njia ya nje. Nikaweka chrony kwenye laptopu iwe inagawa saa, nikaongeza mstari d-i clock-setup/ntp-server string 192.168.10.2 na zikapita zote. Kesho yake Mkuu akatuma kijana wa bodaboda mjini akaja na betri mpya, maana tarehe ikiharibika tena Firefox itakataa tovuti zote na barua za walimu zitatoka na tarehe ya ajabu.

Jambo la hatari nalisema kwa herufi za kukaza. Preseed ikiambiwa ifute diski inafuta, haiulizi mara mbili, hiyo ndo kazi yake. Kabla ya kuinstoli hata mashine moja tulizunguka zote 19 na Madam tukafungua diski tukatafuta mafaili, tukakuta matokeo ya miaka mitatu kwenye mashine mbili na picha za mahafali kwenye moja, tukahamishia kwenye diski ya nje, tukazifungua kwenye mashine nyingine kuhakikisha zinafunguka, ndo tukaendelea. Pia angalia flashi yako isije ikahesabiwa kuwa /dev/sda, yaani diski ya kwanza, kwenye mashine mbili ilitokea hivyo na kiinstoli kikataka kugawa flashi yenyewe, zile mbili nilizifanya kwa mkono. Na paswedi usiiandike wazi kwenye faili, kwa sababu yeyote aliye kwenye swichi anaweza kulifungua, weka ile iliyosagwa kwa mkpasswd. Paswedi yenyewe chagua isiyo na y wala z kama una kibodi za Kijerumani, hapo utanishukuru.

Nirudi kwenye swali la Mkuu, Word ipo? Tulipomaliza pc01 nilimwita mwalimu wa Kiswahili aje na mtihani wake halisi. Alikaa, akachomeka flashi, akafungua mtihani wa kidato cha pili, na uso wake nikauona unabadilika. Kwanza ukurasa mzima umejaa mistari myekundu kana kwamba kila neno alilowahi kuliandika ni kosa. Pili mtihani wa kurasa nne ulikuwa umekuwa kurasa tano, swali la ufahamu limekatika katikati, kichwa kiko ukurasa wa tatu na maswali yake wa nne. Akasema kwa upole tu, "Mwanangu, ukurasa mmoja kwa watoto mia na sitini ni rimu ngapi hizo kwa mwaka?" Angeondoka pale bila kurudi ningekuwa nimeshindwa kazi yote, hata kama mashine zote 19 zinawaka.

Tukaanza kufuatilia. Sababu ya kurasa tano ilikuwa fonti, mtihani umeandikwa kwa Calibri, Debian haina Calibri, ikaweka fonti nyingine iliyo pana zaidi. Kuna fonti huru inaitwa Carlito, herufi zake zina upana ule ule wa Calibri, maneno yanaishia pale pale kwenye mstari, na kuna Caladea kwa ajili ya Cambria, na zile za Liberation kwa Times New Roman na Arial. Nikaongeza pakiti, nikafunga nikafungua, kurasa nne kamili. Halafu akaanzisha waraka mpya kutoka sifuri na ukatoka printani umekatwa chini, hapo kosa lilikuwa langu, mstari wa locale nilikuwa nimeuiga kutoka mfano wa Kimarekani, en_US, na Marekani karatasi yao ni Letter, sio A4, LibreOffice inafuata nchi uliyoitajia. Nikabadilisha kuwa en_GB. Mstari mmoja, herufi mbili, na ungeharibu kila waraka wa shule ile.

Mistari myekundu ilikuwa ya Kiswahili kutokuwepo. Kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili ipo ndani ya Debian, pakiti yake ni hunspell-sw, tukaweka, tukachagua Kiswahili cha Tanzania kwenye mpangilio wa lugha, na mistari ikapungua mbele ya macho yake mstari hadi mstari. Haijaisha yote, vitenzi virefu vyenye viambishi vingi bado inavipigia mstari, lakini alikaa pale robo saa anaandika sentensi kuijaribu, akaandika "walioniletea" akasubiri. Hii kazi ya kuleta Kiswahili kwenye kompyuta ina historia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, na nilipomwambia mwalimu hakuwa anajua. Wengi wetu hatujui.

Mipangilio yote hiyo, docx iwe ndo namna ya kuhifadhi, lugha, fonti, huwa inakaa kwenye faili moja ndani ya .config/libreoffice la mtumiaji. Nikalichukua nikaliweka /etc/skel ili kila akaunti mpya izaliwe nalo. Hapa kuna mtego ulinilia saa mbili: akaunti ambayo kiinstoli chenyewe kinaitengeneza inazaliwa kabla ya late_command, kwa hiyo haipati chochote ulichoweka kwenye skel. Suluhisho, akaunti ya kiinstoli ikawa ya fundi tu, na akaunti za mwalimu na mwanafunzi zinatengenezwa ndani ya malizia.sh baada ya skel kujazwa.

Zile Dell za GB 2 zilihitaji huruma ya ziada. Debian 13 imeanza kuiweka /tmp ndani ya RAM, kwa mashine kubwa ni sawa, kwa GB 2 hapana, nikaizima kwa systemctl mask tmp.mount, /tmp ikarudi kwenye diski. Halafu zram-tools inabana kumbukumbu isiyotumika, na Firefox yenye tabo tatu nne ikawa inavumilika. Sio mbio, ila haigandi.

Akaunti ya mwanafunzi tulibishana na Madam. Mimi nilitaka kila mtoto akitoka kila kitu kifutike kirudi kipya, LightDM, programu ya skrini ya kuingilia, ina sehemu ya kuweka skripti inayoendeshwa mtu akitoka, nikaweka rsync, programu ya kunakili mafolda, yenye --delete. Akasema, na alikuwa sahihi, mtoto ameandika barua yake kipindi kizima kengele imelia, unamfutia? Tukakubaliana kuna folda moja inaitwa Kazi, ile haiguswi, kwa --exclude, mengine yote ya ovyo, picha za ukutani, paneli zilizovutwa mpaka katikati ya skrini, yanarudi yalivyokuwa. Alibandika karatasi ukutani: HIFADHI KWENYE KAZI.

Umeme ulikatika mara mbili siku ya nne, mara moja mashine tatu zikiwa katikati. Uliporudi tukaandika mstari ule ule tukaanza upya, hamna cha kukumbuka uliishia wapi.

Kosa langu kubwa niliondoka nalo mkononi. Nimefika Morogoro mjini, kesho yake Madam anapiga simu, apdeti zinagoma, inasema haiwezi kuunganika na 192.168.10.2. Ule mstari wa proxy huwa haubaki kwenye kiinstoli tu, unaandikwa ndani ya /etc/apt/apt.conf ya kila mashine, na 192.168.10.2 ilikuwa laptopu yangu ambayo iko mezani kwangu mjini. Nikarudi Jumamosi, nikachukua HP yenye diski nzima zaidi nikaifanya hiyo ndo 192.168.10.2 ya kudumu: apt-cacher-ng, chrony, faili la shule.cfg, na Kiwix yenye Wikipedia, watoto wakifungua Firefox ukurasa wa kwanza ni huo. Ndivyo ilivyotakiwa iwe tangu siku ya kwanza, seva ni mali ya shule, haitakiwi kutembea kwenye begi la fundi.

Mashine ya mhasibu, ambayo haimo kwenye zile 19, sikuigusa, ina programu ya printa na skana inayokubali Windows tu. Printa ya maabara nayo inachapa lakini haioneshi kiwango cha wino, hilo sijalitatua mpaka leo.

Daftari la kaunta nililiacha pale pale na maelezo ya Kiswahili ya kila mstari wa faili, mstari huu unafanya nini na ukiugusa kinatokea nini. Mwezi wa tatu pc11 ilikufa diski. Madam hakunipigia. Alinunua diski ya mtumba, akaifunga, akawasha kwa flashi, akaandika auto url na jina, akaenda kufundisha kipindi. Nimejua baadaye, nilipoingia kwenye seva kwa simu yake kuangalia jambo lingine nikaona shule.cfg imebadilika tarehe. Kwenye mstari wa pkgsel/include, baada ya openssh-server, kulikuwa na neno ambalo sikuliandika mimi: audacity. Kidato cha pili wanarekodi ngonjera.